Staa Aliyekesha Karakanani Omurushaka Akisubiri Nta Iungue

Wadau, ngoja leo niwape hii. Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, kwao Kyerwa, jina msiniulize. Mwaka jana alikuja nyumbani kwa mambo ya mahari, akapita kwenye karakana ninapojifunzia usonara, Omurushaka. Akafungua kitambaa: hereni mbili za marehemu mama yake, gramu 9, karati 18. Anataka pete ya mchumba. Siku tatu tu.

Sasa pete haianzi na dhahabu, inaanza na nta. Unachonga pete yenyewe kwa nta, unaiwekea mguu, unaisimamisha ndani ya kopo la chuma, unajaza plasta. Ya kwake ilikuwa gramu 0.4, zidisha mara 15, dhahabu kama gramu 6, inayobaki inajaza mguu. Kisha kopo linaingia kwenye tanuri usiku kucha. Kwanza nyuzi 150, nta itiririke na unyevu utoke. Halafu unapanda taratibu hadi kama 730, mabaki yaungue yaishe kabisa, ndipo unashusha na kumimina. Kwetu Kyerwa tumezoea bati, lenyewe linayeyuka kwa nyuzi 232 tu. Dhahabu haina urafiki huo.

Mzee akaniachia zamu. Saa 8 usiku umeme ukakatika, ukarudi saa 10. Kwa kiherehere changu nikasema nifidie muda, nikaweka 700 moja kwa moja. Nikasikia "ta!" ndani ya tanuri. Nikajifanya sijasikia. Asubuhi tundu la plasta lilikuwa la kijivu badala ya jeupe, maana yake nta haijaisha, na mimi nikamimina hivyo hivyo. Pete ikatoka na mapezi pembeni, vitundu kama mkate.

Mzee akaniangalia tu. "Mpigie mwenyewe, kijana wangu."

Nikapiga. "Kaka, dhahabu ya mama ipo, imepungua kidogo sana. Ila pete hakuna." Kimya. Nikadhani salio limeisha.

Jioni alikuja na bodaboda, bila miwani, bila wapambe, kapakata jenereta ya kuazima. Nta mpya nilishaichonga mchana. Akauliza, "Naruhusiwa kukaa?" Akakaa kwenye kreti la soda mpaka alfajiri. Nta ilipoanza kutoa harufu akasimulia kwamba hereni zile mama aliziweka rehani mara mbili ili alipe ada yake ya sekondari, na mara mbili akazikomboa. Hakupiga hata selfi moja, huyu mtu anayeposti mpaka chai.

Kulipokucha tundu lilikuwa jeupe pe. Safari hii mzee alimimina mwenyewe, mimi nikashika taa, mikono inatetemeka.

Wiki iliyofuata akaposti kidole cha mchumba. Mashabiki wakaapa pete imetoka Dubai. Nikagonga laiki, nikarudi kuchokonoa plasta kwenye kucha.