Tubishe Hodi kwa Wasusi wa Mutomo



Sisi watu wa Pwani twaujua uzito wa kazi ya mkono, kwani imo majumbani mwetu. Mama zetu husuka ukili wa miyaa hata ukatosha mkeka, na kofia ya viua hushonwa tundu kwa tundu kwa majuma mengi. Aivaaye kofia hiyo huijua bei ya dukani. Jasho la aliyeishona halijui. Jambo hilo lilinishughulisha sana nilipofika Mutomo, Kitui Kusini.

Njia ya huko huacha barabara kuu ya Mombasa pale Kibwezi, ikavuka mto Athi, ikapita Ikutha. Nilikaribishwa katika ua mmoja, kina mama wa Kikamba wameketi kivulini wakisuka viondo. Katani huparuliwa, ikaanikwa juani, ikatiwa rangi, kisha uzi husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Kiondo huanzwa kitakoni, kikapanda mzunguko baada ya mzunguko. Nchi ile ni kame. Mvua ikikosa shamba halitoi kitu, na kiondo ndicho kilipacho karo na maji. Mama mmoja aliniambia kuwa mnunuzi huja na gari, hutaja bei yake, hupakia, akaenda zake. "Hajapata kukaa akaona," alisema.

Basi naona dawa ni kuona. Wasusi wakiweka siku maalumu za kufungua nyua zao, nasi tukatangaziana misikitini, katika vikao vya kina mama na katika jarida hili, wanunuzi watafika wenyewe. Jambo hili si geni kwetu. Hapa Mombasa ushirika wa wachongaji wa Kikamba, ulioanzishwa mwaka 1963, humruhusu mgeni kuwaona mafundi wakiwa na tezo mikononi kabla hajaingia dukani. Aliyeona gogo likigeuka bakuli huona haya kuomba apunguziwe nusu ya bei.

Wapo watakaouliza kama ziara hiyo yafaa kwa Muislamu. Kiondo ni chombo, hakina sura ya kiumbe. Penye vinyago vya wanyama, na tuviache. Tuchukue miko, mabakuli na vitana. Ama kazi yenyewe ina heshima katika dini yetu: Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mikono yake, na Mama yetu Zaynab bint Jahsh (r.a.) alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka.

Lakini tukumbuke kuwa karakana ya msusi ndiyo nyumba yake. Tubishe hodi na tungoje jibu. Tusipige picha ya mtu wala ya watoto wake bila idhini. Tusiende kutazama unyonge wa watu. Twende kujifunza na kununua. Na bei tuilipe mkononi mwa aliyesuka.

Nawausia hasa mama zangu na dada zangu: wachukueni mabinti zenu. Wakirudi, watauangalia kwa jicho jingine hata mkeka wa bibi yao ulioko chumbani, na huenda wakamwomba awafundishe kabla ujuzi huo haujazikwa naye.

Wabillahi tawfiq.