Neno Iffy
Kiingereza kina neno dogo, if, kama sisi tulivyo na ikiwa. Wamarekani walilitia mkia likawa iffy, na Rais Franklin Roosevelt alilitumia katika miaka ya 1930 kwa maswali ya kukisia ambayo hakutaka kuyajibu. Baadaye neno lilishuka cheo. Maziwa yaliyolala ni iffy. Mkataba usioeleweka ni iffy. Hata mtu, maskini, huitwa hivyo. Wanafunzi wangu hulifasiri shaka, nami hukataa. Shaka hukaa moyoni mwa mwenye kushuku. Iffy hubandikwa juu ya mshukiwa, na mbandikaji haulizwi sababu. Maziwa nasema yanatia shaka. Kwa mtu, fasiri yangu hungoja nijue ametenda nini.