Niliificha dawa ya mwanangu juu ya kabati

Kwa miaka miwili niliificha inhela ya mwanangu juu ya kabati. Majirani waliniambia mtoto akiizoea hataiacha tena, nami nikaamini. Alipobanwa kifua usiku, nilimpaka mafuta ya kuchua, nikamfunika na kuomba kuche.

Miezi mitatu iliyopita, akiwa na miaka 8, alibanwa hadi mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hospitali walimtuliza, kisha wakatupangia siku ya kurudi kupima mapafu kwa spirometa.

Nilidhani ni mashine ya kumtia mtu hewa. Kumbe yenyewe inapokea tu. Mtoto hupuliza kwenye mrija, nayo inapima ametoa hewa kiasi gani kwa jumla, na kiasi gani kimetoka katika sekunde ya kwanza. Njia za hewa zikibana, kama kwenye pumu, hewa hutoka polepole.

Muuguzi alimkalisha wima, maana kupuliza sana huweza kuleta kizunguzungu. Akambana pua kwa kibanio, akafungua kipande kipya cha kuweka mdomoni. "Vuta hewa yote, kaza midomo, puliza kwa nguvu, usiache mpaka iishe!" Mara ya kwanza mtoto alicheka, ya pili akakohoa. Akarudia mpaka zikapatikana tatu nzuri. Kisha akavuta dawa, tukasubiri dakika 15, akapuliza tena.

Daktari alinionyesha mistari miwili kwenye kioo. Wa pili ulikuwa juu zaidi. "Umeona, mama? Dawa imefungua njia." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nalikumbuka lile kabati.

Mzazi mwenzangu, ukipangiwa kipimo hiki, uliza mapema kama kuna dawa ya kusitisha siku hiyo. Usisitishe kwa uamuzi wako. Mtoto asishibe kupita kiasi, wala asivae nguo za kubana. Sema kama amefanyiwa upasuaji karibuni, anakohoa damu au ana kikohozi kisichoisha. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, apumzike. Na akibanwa nyumbani, usingoje tarehe ya kipimo: mpe dawa aliyoandikiwa, na asipopata nafuu mkimbize hospitali.

Inhela sasa inakaa kwenye mkoba wake wa shule. Juu ya kabati nimeweka sufuria.