Stara Haina Daraja



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuneemesha kwa mavazi ya kutusitiri na ya kutupamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wiki hii tunapenda kuzungumza na mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, na baba zao pia wasikilize, juu ya jambo linalobisha mlangoni petu kila ufikapo msimu wa harusi. Nalo ni mavazi.

Malalamiko hutufikia kwa sura mbili. Wazee husema kwamba vijana wameliacha vazi la asili wakafuata mitindo. Vijana nao hujibu kwamba zama zimebadilika. Sisi tunaona kuwa pande zote mbili zinashika ganda na kuacha kiini, kwa sababu vazi tunaloliita la asili nalo lilikuwa mtindo mpya siku lilipoingia.

Tuitazame leso. Jina lake lenyewe ni la Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo, wakaviunga kwa sindano hadi vikawa nguo ya kujitanda. Baadaye vikaja vitambaa vilivyopigwa chapa kwa ukubwa kamili, vyenye pindo, mji na jina. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Haji Essak lililoanza mwaka 1887 lilizitandaza leso zake pwani nzima kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Kabla ya hapo bibi zetu walivaa kaniki, na merikani iliyoletwa kutoka Marekani, ndipo ikapata jina hilo. Kwa hiyo, anayeishika leso na kusema kwamba hii ndiyo asili yetu asiyoigusa mgeni, ajue kwamba Mreno, Mhindi na Mmarekani wote wamo katika uzi wake. Sisi tuliifanya yetu kwa kuifungia watoto mgongoni, kuivalia harusini na kufunikia maiti wetu.

Baibui nalo lina kisa chake, na kisa hicho ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Zamani kujisitiri hapa pwani kulikuwa na daraja. Kule Lamu mwanamke wa ukoo mkubwa alitembea ndani ya shiraa, yaani hema la nguo lililoshikwa na wajakazi wake, naye hakuonekana. Mjakazi aliyelishika hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Kichwa wazi ndicho kilichomtambulisha kuwa ni mtumwa. Utumwa ulipofutwa katika pwani yetu mwaka 1907, na baibui jeusi lilipoenea kutoka Arabuni, mwanamke yeyote aliweza kulivaa. Mtoto wa bwana na mtoto wa mtumwa wakapita njia moja, na mpita njia asiweze kumtenga huyu na yule. Nguo ile nyeusi isiyo na mapambo ilifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuiweza.

Sasa na tujiulize, hali ikoje leo? Abaya zimefika, nyingine zina mawe yanayometameta, nyingine zina mikono ya kitambaa kisichofuliwa ila kwa fundi. Harusi moja ina sare ya siku ya hina, sare ya siku ya nikahi, na dera la siku ya kupumzika. Asiye na sare huketi nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na hakuna aliyemwambia aketi hapo. Daraja iliyovunjwa kwa baibui tunaijenga upya kwa baibui lile lile.

Mama mmoja wa hapa kijijini alitujia baada ya sala ya Ijumaa. Yeye ni miongoni mwa wanawake wetu wanaolima mwani. Binti wa jirani anaolewa, na sare mbili zimetangazwa. Alikuwa ameweka fedha za karo ya mwanawe wa kiume, na akawaza kukopa katika chama chake ili apate nguo. Akatuuliza, "Shehe wangu, nikienda bila sare si nitakuwa nimemvunjia jirani heshima?"

Tulimwomba atuhesabie. Mwani hufungwa kwenye kamba, hukaa majini kiasi cha wiki 6, huvunwa maji ya bamvu yakitoka, kisha huanikwa na kugeuzwa mpaka ukauke, na ukishakauka huwa mwepesi sana kwenye mizani. Alipomaliza hesabu yake, sare zile mbili pamoja na mtandio zilikula mavuno mawili, yaani miezi mitatu ya kuinama majini. Tukamwambia, "Mama, heshima ya jirani ni kumwitikia mwaliko wake, kumsaidia kazi na kumwombea dua bibi harusi. Vaa leso yako safi uende. Karo ya mtoto ni haki iliyo juu yako, na sare si haki ya mtu yeyote."

Hatukumjibu kwa rai yetu tupu. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, tunafundishwa kwamba tumeteremshiwa mavazi ya kusitiri na ya pambo, na kwamba vazi la uchamungu ni bora zaidi. Katika aya ya 31 ya sura hiyo hiyo tunaamrishwa tujipambe twendapo kwenye ibada, na papo hapo tunakatazwa israfu. Pambo basi ni halali. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya juu ya vazi linalovaliwa kwa kutafuta sifa mbele ya watu. Onyo hilo linamhusu mwenye kanzu na joho la thamani sawa na mwenye abaya ya mawe.

Suala la pili tuliloletewa linawahusu hao hao wakulima wa mwani. Wapo vijana wa kiume wanaowasema mama na dada hao kwa kuvaa suruali na fulana za mikono mirefu wanapoingia majini, wakafunga leso juu yake. Tunawauliza vijana hao: leso tupu ikilowa hufanyaje? Huganda mwilini, huwa nzito, na upepo wa kusi ukivuma hufunuka. Suruali chini ya leso huongeza stara. Mwanamke aliyejifunga vizuri kwa kazi ya halali hastahiki kunong'onezwa. Tena Surat An-Nur, kabla ya kuwasemesha wanawake juu ya mitandio yao katika aya ya 31, imewaamrisha wanaume wainamishe macho yao katika aya ya 30. Anayeisoma ya pili akairuka ya kwanza ameipunguza dini.

Nchi yetu pia si ya watu wa aina moja. Gari litokalo Shimoni kwenda Ukunda huwabeba Mvumba, Mdigo, Msegeju, Mmakonde, Mkamba na Mjaluo, na Mpemba ambaye jamii yake ilitambuliwa na serikali mwaka 2023. Mwaka 2004 palifanywa juhudi ya kubuni vazi moja la taifa. Lilizinduliwa Nairobi kwa shangwe, lakini wananchi hawakulivaa. Ndani ya nchi hiyo hiyo, mwaka 2014, wanaume walimvua nguo mwanamke hadharani kwenye kituo cha magari wakidai hakuvaa kwa heshima, na wanawake wakaandamana Nairobi mwezi wa Novemba. Sisi tunaohubiri stara ndio wa kwanza kupaswa kulilaani tendo lile, kwa kuwa kumvua mtu nguo ni kumwondolea stara, na stara haijengwi kwa kuvunjwa.

Tunao mfano mwema karibu yetu. Katika msitu wa Kaya Kinondo, miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, mgeni anayetoka ufuoni Diani na kaptula yake hapigiwi kelele. Hupewa kaniki ajifunge kiunoni kabla ya kuingia. Itikadi za kaya si maudhui yetu leo, ila adabu ya kumpa mtu nguo badala ya tusi twaweza kuitumia majumbani mwetu. Binti akivaa usilolipenda, mkalishe, mweleze, mnunulie lenye stara kadiri ya uwezo wako. Jirani wa kabila au dini nyingine akivaa ya kwao, mwachie.

Kwa harusi zijazo tunawashauri mambo matatu. Kwanza, sare iwe moja, nayo iwe leso, ambayo kesho itatumika nyumbani. Pili, mwenye harusi atamke wazi katika mwaliko wake kwamba asiye na sare ni mgeni kamili. Tatu, wenye uwezo wawanunulie wasio nao, kimya kimya, bila kutangaza. Yule mama alikwenda harusini na leso yake, na mwenyeji alimketisha safu ya mbele. Tunamshukuru mwenyeji huyo bila kumtaja, naye anajijua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera, awabariki mabinti zetu wanaoolewa, na aifanye riziki ya wavunaji wa mwani iwe na baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.