Nilifuata Tembo, Nikapewa Majaruba

Wakati naomba kusoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, uhifadhi kwangu ulikuwa tembo na askari wa kumlinda. Wenzangu wa shahada ya kwanza walikuwa wakisubiri nafasi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wengine wameshaanza kuongoza watalii, na tusidanganyane, hela yao ilikuwa nzuri kuliko yangu. Ujangili ulikuwa umetutia hofu sote: sensa ya 2009 ilikadiria tembo 109,000 nchini, ile ya 2014 ikakuta kama 43,000.

Msimamizi wangu alisoma andiko langu la utafiti, akalirudisha na swali moja pembeni: "Na wanaolala dunguni je?" Ndivyo nilivyojikuta Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, napima hasara wanayopata wakulima kwa tembo. Asubuhi nazunguka majaruba yaliyovurugwa usiku, jipiesi mkononi, kisha nachutama na futi kamba kupima unyayo wa mguu wa nyuma, maana urefu wake husaidia kukadiria umri wa tembo. Halafu dodoso. Bibi mmoja alinitazama nikijaza, akasema: "Mjukuu wangu, kila mwaka mnakuja kuandika. Hayo mnayoandika, tembo wanayasoma?" Akacheka yeye kwanza.

Swali lake lilinipeleka maktaba na haja tofauti. Huko nikamkuta Lucy King, aliyekuwa mwanafunzi wa Oxford alipowasikilizisha tembo wa Samburu, Kenya, sauti za nyuki zilizorekodiwa. Matokeo yalichapishwa 2007, na karibu familia zote zilitimua mbio. Kutokana na hayo ukaja uzio wa mizinga: mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kumuuma machoni na ndani ya mkonga, ambako ngozi nene haimsaidii. Utafiti ule ukawa ndiyo kazi yake ya maisha.

Kazi yangu nami ilitokea upande huo huo wa uzio. Shirika lililonihoji lilikitupia cheti jicho la haraka tu. Walitaka kujua kama wenyeviti wa vitongoji wananifahamu, na kama naweza kuonyesha kwamba shamba limepona kwa sababu ya uzio, si kwa sababu tembo walipita kwingine msimu ule. La kwanza nililipata kwa kunywa chai nyingi vijijini. La pili ni uzamili mtupu: kulinganisha shamba lenye uzio na jirani yake lisilo nao, msimu baada ya msimu, bila kujipendelea.

Mizinga mingine nyuki hawaingii, na mizinga mitupu haimtishi tembo. Kwa hiyo sasa kutwa nipo na kikundi cha wafugaji nyuki, tunajadili kivuli, maji na bei ya asali. Ugomvi mkubwa wa mwaka jana haukumhusu tembo hata kidogo. Ulikuwa wa nani ashike ufunguo wa stoo.