Gurudumu Lililokuwa Likinguruma



Nyumbani kwetu Mbweni gari si fahari, ni chombo cha kazi. Hutupeleka zamu hospitalini, huwapeleka watoto shule, na Jumapili hutufikisha Mji Mkongwe. Huko tunaliacha nje, maana vichochoro havipitishi gari, kisha twaenda kwa miguu hadi Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Usiku nako, majirani hutugongea mlango mzazi anaposhikwa na uchungu, wakijua hapa yupo muuguzi na lipo gari.

Ni gari dogo la umeme, lililokwisha kutumika Japani. Tulilinunua kwa akiba ya miaka mingi, tukijipa moyo kwamba kwa kuwa halina injini ya petroli, tumeagana na gereji. Tulisahau kwamba hata gari la umeme lina magurudumu.

Baada ya masika tulianza kusikia mngurumo upande wa nyuma. Gari hili ni kimya, kwa hiyo sauti ndogo haina pa kujificha. Kadiri mwendo ulivyozidi, ndivyo nao ulivyopanda. Tulimwambia Baba watoto. Akajibu, "Mama watoto, hizo ni tairi, zimekwisha." Gereji moja nayo ikasema hivyo hivyo. Tukanunua tairi mbili. Mngurumo haukuondoka.

Hapo tulikosea sisi wenyewe. Ada za shule zilikuwa zinakaribia, na fedha za tairi zilikwisha kutununisha siku tatu nzima. Tukaona afadhali kunyamaza kuliko kuanzisha maneno upya. Kila siku kliniki tunawaambia akina mama wajawazito, "Ukiona dalili usingoje, njoo mapema." Nasi dalili ilikuwa masikioni mwetu wiki sita, midomo tumeifunga! Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Usiku mmoja binti wa jirani alishikwa na uchungu. Tulimlaza kiti cha nyuma, mama yake akamshika mkono. Tulipofika Mazizini mngurumo uligeuka mkwaruzo, kisha ikaja harufu ya chuma kilichoungua. Kusimama hatukuweza, kukimbia tuliogopa. Tulikwenda taratibu tukiomba kimoyomoyo, huku tukimwambia binti apumue polepole. Mungu ni mwema, tulifika. Mtoto wa kike alizaliwa salama alfajiri.

Nje, Baba watoto alisogeza mkono karibu na kitovu cha gurudumu akaurudisha upesi, kama aliyegusa sufuria jikoni. Akauliza, "Hii sauti ulikuwa ukiisikia siku zote?" Tukakubali. "Mbona hukuniambia tena?" Hatukuwa na jibu ila lile la kweli: tuliogopa ugomvi kuliko tulivyoliogopa gurudumu.

Gari lilirudi nyumbani juu ya lori. Jirani yetu mmoja, Mwislamu mcha Mungu, ni fundi wa magari wa siku nyingi. Aliliinua gurudumu, akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Akalizungusha huku mkono mwingine ameuweka kwenye springi. "Shika hapa, dada," akasema. Tukahisi mkwaruzo, kama kifua cha mgonjwa wa pumu unapokiwekea kiganja.

"Ni beringi," akatueleza. Beringi ni gololi za chuma zilizopangwa kati ya pete mbili, ndani mna grisi, na mpira huzuia maji. Ndiyo hubeba uzito wa gari na kuliacha gurudumu lizunguke kwa wepesi. Maji ya madimbwi na chumvi ya bahari yakiupenya mpira, grisi huharibika, chuma kikala chuma. Na gari la umeme, kwa ajili ya betri yake, huwa zito kuliko la petroli la umbo lile lile. Alitupa na dalili nyingine: ukikata kona ya kushoto, uzito huegemea kulia, mngurumo ukizidi hapo, lishuku gurudumu la kulia.

Kipuri kiliagizwa Dar es Salaam kikavuka kwa boti. Jumamosi kazi ikafanyika uani. Gari lilizimwa, ufunguo tukauweka jikoni. Magurudumu ya mbele yalizuiwa kwa mawe. Jeki iliwekwa mahali palipoonyeshwa na kitabu cha gari, si chini ya betri, kisha zikaja stendi za chuma, maana jeki peke yake si ya kulaliwa chini yake. Watoto walionywa wasisogelee nyaya nene za rangi ya chungwa; umeme wake huua.

Baba watoto alifungua gurudumu, akakitoa kibanio cha breki na kukifunga kwa waya kisije kikaning'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Bolti nne zilizoshika beringi zilikuwa zimeliwa na kutu. Zilimwagiwa mafuta tangu jana yake, zikafunguka kwa jasho. Lakini beringi yenyewe iligoma. Nyundo ililia mpaka adhana ya adhuhuri, fundi akaenda kuswali.

Tulibaki wawili tukinywa chai kando ya lile gurudumu tupu. Hapo tulizungumza yote: ada, tairi, na ule ukimya. Baba watoto akasema, "Nilipokujibu ni tairi, sikuwa nimesikiliza." Nasi tukaomba msamaha kwa kunyamaza.

Fundi aliporudi, beringi ilitoka. Kikao chake kilisuguliwa kutu yote, mpya ikaingizwa bila kupigwa nyundo, waya wa kupimia mwendo wa gurudumu ukarudishwa, na bolti zikakazwa kwa spana yenye kipimo kama kitabu kinavyoagiza. Nati za gurudumu zilikazwa kwa kupishana, na baada ya siku chache zikakaguliwa tena.

Dada zetu, hatuwaambii mshike spana bila fundi. Tunawaambia msikilize, na mkisikia mseme, hata mara ya pili na ya tatu, kwa upole. Paulo aliwaandikia Wagalatia juu ya kuchukuliana mizigo. Lakini mwenzako atauchukuaje mzigo ambao hujamwonyesha?

Siku hizi kila Jumamosi jioni tunaulizana, "Kuna kinachonguruma?" Mara nyingine jibu huleta kununa kidogo. Tumekubali. Jumapili iliyofuata tulikwenda Mkunazini kimya kabisa, na safari hii ukimya ulikuwa wa gari tu.

Bwana azilinde nyumba zenu.