Mateka wa Nanyuki

Hapa Remba, dhoruba ikizuia mashua kwa siku mbili, nami hujiona mfungwa. Kumbe sijui kifungo! Felice Benuzzi, Mwitalia aliyetekwa vitani, aliwekwa katika kambi ya Nanyuki. Kila siku ilikuwa sawa na jana: kuhesabiwa, kula, kungoja, kulala. Kilichomtesa zaidi ni kukosa la kufanya. Basi yeye na wenziwe wawili wakaweka akiba ya chakula, wakafua vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na mabaki. Januari 1943 wakatoroka. Wawili wakafika kilele cha Lenana, Mlima Kenya. Kisha wote wakarudi kambini kwa hiari yao, wakaadhibiwa.

“Mwalimu, mbona walirudi?” mwanafunzi wangu aliniuliza.

Nikajibu kwamba hawakuwa na pa kukimbilia. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi.